Mafunjo ya Mto Mara: je, ni zao la nishati?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama na vijana kumi na wanane, wilayani Butiama, si mbali sana na daraja la Kirumi. Kijiji chetu kimepakana na kinamasi cha Mto Mara, na mafunjo ni mengi hadi macho yanachoka kutazama. Tumesikia kwamba Ujerumani watu wanavuna mimea ya kinamasi kama zao na kupata nishati. Sasa kuna fundi anatuuzia mashine ya kutengeneza mkaa mbadala, na tumeambiwa tunaweza kukopa fedha za kuinunua. Baadhi ya wenzangu wanasema kwanza tuchimbe mitaro ili maji yapungue, ndipo tulime mafunjo kwa mistari kama shamba. Je, kazi hii inalipa? Na tuanzie wapi?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Naanza na mitaro, maana hapo mkikosea, hayo mengine hayatakuwa na maana. Msichimbe hata mmoja.

Siku ukiingia kwenye mafunjo, sukuma mti mrefu chini katikati ya mashina. Utapita kwenye kitu cheusi, laini kama sifongo, na pengine hutagusa udongo mgumu. Hayo ni mafunjo ya miaka mingi iliyopita. Yalianguka majini, mahali pasipo na hewa, yakashindwa kuoza yote, yakarundikana mwaka baada ya mwaka. Ile ni mboji ya kinamasi, na ndani yake kuna kaboni ambayo mimea iliivuta kutoka hewani kwa vizazi. Mkitoa maji, hewa itaingia. Mboji itaanza kuoza, kaboni itarudi angani, na ardhi yenyewe itazama kidogo kidogo. Kiangazi kikali moto ukiingia humo, huwaka chini kwa chini kwa majuma mengi na hakuna ndoo ya maji itakayouzima.

Habari ya Ujerumani mliyoisikia ni ya kweli, lakini mmesimuliwa nusu yake. Wajerumani walikausha zaidi ya asilimia 90 ya ardhi zao za mboji ili wapate malisho na mashamba. Leo ardhi hizo zilizokaushwa zinatoa karibu asilimia 7 ya gesi joto yote ya nchi hiyo. Ndiyo maana wameanza kuziba mitaro, kurudisha maji, na kutafuta mazao yanayostawi ndani ya maji hayo: matete, nyasi za majini, na yale majani marefu yenye kichwa cha kahawia kama mshikaki, ambayo wanasayansi huyaita Typha. Kilimo cha namna hiyo wamekiita paludikaltcha, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kinamasi. Katika mji mdogo wa Malchin, kaskazini-mashariki mwa nchi, tangu 2014 kuna boila ya kilowati 800 inayochoma marobota ya nyasi zilizokatwa kwenye ardhi oevu za jirani. Joto lake husafirishwa kwa mabomba hadi kwenye mamia ya nyumba, zikiwemo shule. Nasema joto, si umeme. Shida yao ni baridi ya miezi mingi. Shida yenu ni chungu kilichoko jikoni, kwa hiyo mtambo wao hauwafai ninyi hata mkipewa bure.

Linalowafaa ni kanuni yao moja: maji yabaki, zao litolewe juu ya maji. Wao wanahangaika kurudi mahali ambapo ninyi hamjaondoka.

Na msichanganye mafunjo na mboji iliyo chini yake. Jirani zetu wa Rwanda walijenga mtambo wa umeme wa megawati 15 pale Gishoma, wilaya ya Rusizi, wa kutumia mboji yenyewe ya kinamasi. Mboji huchukua maelfu ya miaka kujijenga. Ukishaichimba na kuichoma, wewe hutaiona tena, wala wajukuu zako hawataiona. Mafunjo yaliyokatwa vizuri yanarudi kimo chake ndani ya mwaka mmoja hivi. La kwanza ni kuchimba madini, la pili ni kuvuna.

Mafunjo ni zao la ajabu. Usanisinuru wake unafuata njia ileile ya mahindi na muwa, njia inayotumia vizuri jua kali la kwetu, na maji hayakosi kamwe. Katika vinamasi vya Afrika Mashariki vilivyopimwa, Ziwa Naivasha likiwemo, hekta moja imekutwa na takriban tani 20 hadi 30 za mafunjo makavu yaliyosimama juu ya maji. Mbolea hakuna, palizi hakuna. Lakini msipange biashara kwa namba za Naivasha. Pimeni kinamasi chenu.

Tengenezeni fremu ya mianzi, mita moja kwa mita moja. Chagueni sehemu kumi mbalimbali, nyingine karibu na kijiji, nyingine ndani zaidi, msichague penye mafunjo manene tu kwa sababu yanapendeza. Kateni kila shina lililo ndani ya fremu, juu kidogo ya maji, mfunge, mpime uzito hapohapo, mwandike. Kisha kaanikeni kila fungu peke yake mpaka uzito usishuke tena, mpime mara ya pili. Mtashangaa. Mafunjo mabichi karibu robo tatu ni maji. Mzigo wa kilo 100 uliowavunja mgongo utabaki kilo 25 hivi za kitu kinachoungua.

Tuseme mmepata wastani wa kilo 2 kavu kwa kila mita ya mraba. Hizo ni tani 20 kwa hekta. Nusu ya eneo mtaiacha bila kuguswa, nitaeleza kwa nini, kwa hiyo zimebaki tani 10. Toa robo kwa yanayopotea njiani, yanayooza na yasiyokauka vizuri: tani 7 na nusu kwa hekta kwa mwaka. Kwa joto lake, kilo mbili za mafunjo makavu ni karibu sawa na kilo moja ya mkaa mzuri wa miti. Basi hekta moja ya kinamasi inawapa joto la kama magunia 75 ya mkaa ya kilo 50. Si haba, ila si utajiri. Gawanyeni kwa watu kumi na wanane, mtoe siku za kazi, mtoe usafiri, ndipo mjue kilichobaki.

Kukausha ndiko kunakoamua kila kitu, na ndiko wengi wanakodharau. Nimewahi kuona kikundi kimoja kikikata mafunjo kwa bidii ya siku nne, kikayarundika yakiwa mabichi kwenye banda zuri la mabati ili yasinyeshewe. Walipofungua rundo baada ya majuma mawili, katikati palikuwa na mvuke wa moto, ukungu mweupe na harufu ya pombe iliyochacha. Kazi ya watu wengi iliishia kuwa mbolea. Mafunjo yana moyo mweupe ulio kama sifongo, na ganda la nje ni la kijani, gumu, linalong'aa. Maji yaliyomo moyoni hayana njia ya kutoka. Pasueni kila shina mara mbili kwa urefu, kama mnavyofanya kwa mikeka, myasimamishe yakiegemeana, ncha juu, kwenye chanja iliyoinuka kutoka ardhini ili upepo upite chini. Kwenu Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kazi hii. Likivunjwa, shina kavu hukatika kwa mlio. Likijikunja kwanza, bado.

Usione ajabu nikikazania sana kukausha. Kilo moja ya mafunjo yaliyokauka hadi kubaki na maji asilimia 15 inatoa takriban megajuli 14 za joto. Ukiyachoma mabichi, zaidi ya theluthi ya joto lake inakwenda kuchemsha maji yake yenyewe, na kilichobaki ni moshi unaowaumiza wapishi macho.

Sasa mashine. Fundi wenu, nadhani, anauza ile ya parafujo inayokamua vumbi la mkaa lililochanganywa na uji wa muhogo au udongo. Kabla hujatia saini chochote, fanya nami hesabu hii. Kilo 100 za mafunjo makavu, ukizichoma kwenye pipa bila hewa ya kutosha ili ziwe mkaa, zitakupa kilo 25 hivi za chenga za mkaa. Mafunjo yana majivu mengi kuliko kuni. Tuchukue mfano wa kilo 7 katika kila 100. Majivu hayaungui wala hayapandi na moshi. Kwa hiyo zile kilo 7 zote zimo ndani ya kilo 25 zako. Zaidi ya robo ya mkaa wako ni majivu kabla hujaongeza chochote, na ukiushika kwa udongo unaongeza majivu mengine. Mama anayenunua ataona mkaa unawaka taratibu, haukolei vizuri, na jiko linajaa majivu kabla maharage hayajaiva. Halafu zaidi ya nusu ya joto lililokuwa ndani ya yale mafunjo imeshaondoka na moshi wa pipa.

Sisemi mkaa wa mafunjo ni kazi bure. Kwa familia inayopikia ndani ya chumba kwa jiko la mkaa, mafunjo yasiyochomwa yana moshi mno na hayafai kabisa, hapo lazima yageuzwe mkaa. Nchini Senegal, bwawa la Diama lilipokamilika mwaka 1986, maji ya chumvi yalizuiwa kupanda mtoni, na Typha ikajaa kwenye delta hadi kuziba mifereji na njia za wavuvi. Watu wa huko wamekuwa wakiigeuza mkaa wa kushindiliwa. Mkichagua njia hiyo, tumieni uji wa muhogo badala ya udongo, na changanyeni chenga za mafunjo na vumbi la mkaa wa miti linalotupwa kwenye magenge ya mkaa. Vumbi hilo lina majivu machache, litawainulia ubora.

Lakini kama ningekuwa mjumbe wa kikundi chenu ningeshauri muanze na mteja mwingine: shule, zahanati yenye wodi, mgahawa mkubwa, mahali penye jiko banifu lenye bomba la moshi. Huko unaweza kupeleka mafunjo makavu yaliyokatwakatwa na kushindiliwa bila kuyachoma kwanza, na joto lote likabaki kuwa mali yako. Hesabu nayo ni nyepesi, kwa sababu kilo moja ya mafunjo makavu inakaribia kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri. Muulize mpishi wa shule anatumia kuni kiasi gani kwa siku, na usikubali jibu la "kama mkokoteni mmoja". Pima mkokoteni wenyewe.

Soko hilo limefunguka wakati mzuri. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa na serikali kuachana na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Wakuu wa shule wanatafuta pa kukimbilia, na wengi hawana fedha za mitungi ya gesi ya kutosha. Nenda halmashauri ya wilaya ukaulize, upate jibu la maandishi, kama bidhaa yenu isiyochomwa itahesabiwa kuwa mkaa mbadala au itaonekana ni kuni kwa jina jingine. Jibu hilo ndilo litakalowaambia mnunue mashine gani, au msinunue.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: mafunjo yana potasiamu, klorini na silika. Jiko likiwa na moto mkali sana, majivu huyeyuka na kuganda kwenye wavu kama kioo kibaya. Mfundisheni mpishi kukwangua wavu kila siku ungali na joto kidogo. Akiacha wiki nzima, atahitaji patasi.

Nilisema nusu ya eneo iachwe. Gawanyeni eneo lenu kwa vipande virefu kama kanga iliyokunjwa: kimoja mnakata, kinachofuata mnaacha, mwakani mnabadilishana. Ukingo wa upande wa maji makuu msiuguse, hatua thelathini au arobaini kwenda ndani. Mafunjo hayo yanachuja tope na virutubisho kabla ya kufika Ziwa Victoria, yanavunja mawimbi, na chini yake kambale na kamongo wanajificha na kukuza watoto. Humo pia anaishi nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu, na ndege wengine hawaishi mahali popote duniani isipokuwa kwenye mafunjo. Kipande mlichokiacha ndicho nyumba yao mwaka huo.

Kateni mashina yaliyokomaa, yale ambayo shada lake la juu limeanza kuwa na rangi ya kahawia. Shina likizeeka, mafunjo hurudisha naitrojeni na chakula kingine kwenye shina nene linalotambaa chini majini, ambalo wataalamu huliita raizomu. Ukilikata likiwa changa umeiba akiba hiyo, na chipukizi lijalo litakuwa jembamba. Machipukizi ambayo shada lake bado limefumba yaacheni. Eneo moja lisikatwe zaidi ya mara moja kwa mwaka, hata kama mteja anaongeza bei. Penye kukatwa kila baada ya miezi michache, mafunjo hupungua na magugu mengine yanachukua nafasi. Na ile desturi ya kuwasha moto kinamasi wakati wa kiangazi ili nyasi mpya ziote kwa ajili ya ng'ombe, mkutano wa kijiji uizungumze mapema, kwa sababu sasa moto huo utakuwa unateketeza bidhaa yenu.

Kulima kwenyewe, yaani kupanda, ni kwa ajili ya pale ambapo mafunjo yalifyekwa. Najua kandokando ya mabonde mengi watu walifyeka wakalima nyanya na mpunga, kisha mafuriko yakawafukuza. Hapo pandeni. Chimbueni vipande vya raizomu vyenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, kila kimoja kiwe na machipukizi mawili au matatu, mvilaze kwenye tope lenye maji ya kufika kifundoni, hatua moja moja, mwanzoni mwa mvua. Zuieni ng'ombe, maana machipukizi ya mafunjo ni matamu kwao. Msivune mpaka mashina yamefunga pamoja hata mtu akipita asionekane. Gugu maji lisiwashawishi. Zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, halifai kuchomwa, na kulipanda ni kuliletea ziwa balaa. Likija lenyewe, lifaalo ni kulitoa na kulitia kwenye mtambo wa biogesi pamoja na samadi.

Kuhusu sheria, kukata mafunjo ya mkeka wa nyumbani na kuvuna tani kwa tani kwa biashara si kitu kimoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kwa hiyo chanja, banda na mashine vikae mbali na mstari huo. Anzeni na serikali ya kijiji, mpate muhtasari wa mkutano mkuu unaotaja eneo lenu kwa mipaka. Halafu nendeni na karatasi hiyo kwa afisa mazingira wa wilaya na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Wafuma mikeka na wavuvi wawepo kwenye mkutano huo. Wao walikuwa kinamasini kabla yenu, na wakikasirika hakuna kibali kitakachowalinda.

Wanaoingia majini wavae buti ndefu, waende wawili wawili, na wapime kichocho zahanati angalau mara moja kwa mwaka. Viboko na mamba mnawajua kuliko mimi.

Mkopo usubiri. Kiangazi hiki fanyeni mambo matatu tu: zile fremu kumi, kukausha tani moja, na kuipeleka jikoni kwa shule moja ipikie juma zima huku mmoja wenu akiwa amekaa na daftari. Mizani mtaazima mwaloni, wale wapima samaki humaliza kazi asubuhi. Fundi akisema bei itapanda mwezi ujao, mwombe awaletee mashine yake siku moja, mumpe mafunjo yenu makavu aendeshe mbele yenu, na mkaa utakaotoka mchemshie maharage hapohapo. Nitumie namba za fremu, zote kumi, hata zile mbaya, uzito wa siku ya kukata na uzito wa mwisho, nami nitakaa nazo nikuandikie tena kabla mvua za vuli hazijaanza.